KIKUZA SAUTI KISICHOVUMA: WAYA WA ARDHI HAUKATWI



Somo letu la leo ni la ufundi. Tutajifunza namna ya kutengeneza kikuza sauti kidogo, yaani kile chombo ambacho watu wengi hukiita amplifaya. Tutajifunza pia namna ya kuondoa ule mvumo wa "vuuuu" unaoharibu sauti. Na zaidi ya hayo, tutajifunza habari za waya mmoja ambao haukatwi hata siku moja.

Kikuza sauti kina faida gani kijijini? Wazee wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka ule kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Karibu watu milioni mbili walikaa katika vikundi nchini kote, wakasikiliza redio, wakazungumza, kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Lakini redio ilikuwa moja na watu walikuwa wengi. Waliokaa nyuma walisikia nusu nusu. Hata leo hali ni hiyo hiyo. Darasa lina watu arobaini, na kipindi kiko ndani ya simu moja ndogo. Mkutano wa kijiji uko chini ya mti, na upepo wa mlima unachukua maneno ya msemaji. Kikuza sauti kidogo kinasaidia sana.

Basi tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe.

YALIYOTUPATA

Sisi ni kikundi cha kisomo katika miteremko ya Mlima Meru, upande wa juu wa barabara iendayo Moshi. Tulichanga fedha, tukanunua vifaa mjini Arusha, tukatengeneza kikuza sauti. Sanduku lake lilikuwa la bati. Plagi yake ilikuwa ya miguu mitatu. Kilifanya kazi siku ya kwanza. Tulifurahi mno.

Lakini tulipokiunganisha na mikisa ya kwaya, kikaanza kuvuma. Vuuuu! Msomaji akinyamaza, mvumo unasema. Akisoma, mvumo unasoma pamoja naye. Watu wakacheka, wakasema, "Kikuza sauti chenu kimemeza nyuki."

Tukamwita kijana mmoja anayetengeneza redio. Akafungua plagi, akatazama, akasema, "Wazee wangu, tatizo ni huu waya wa kijani na njano. Kata tu. Hauna kazi."

Mzee mmoja akamwuliza, "Mwanangu, kama hauna kazi, aliyeutengeneza aliuweka wa nini?"

Kijana akajibu, "Mzee, ni mapambo ya kiwandani tu."

Tukaukata. Kweli, mvumo ukaisha pale pale. Tukampigia makofi. Kumbe tulikuwa tunakipigia makofi kifo.

Miezi ikapita. Siku moja wakati wa masika tulikuwa na mkutano. Mikisa haikuwepo siku ile, kwa hiyo tulichomeka maiki moja kwa moja katika kikuza sauti. Ardhi ilikuwa imelowa. Mama mmoja, mwenzetu wa darasa, alikuja kusoma taarifa. Kandambili zake zilijaa tope, akazivua, akasimama pekupeku. Alipoishika maiki alipiga kelele, na mkono haukuweza kuiachia. Kijana mmoja mwenye akili alikimbilia swichi kubwa ya ukutani akazima. Mama akaanguka chini. Tunamshukuru Mungu alikuwa hai. Mkono wake ulikuwa na ganzi siku tatu.

Baadaye fundi wa umeme alikuja kupima. Alikuta unyevu umeingia ndani ya transfoma, na umeme ulikuwa unavuja mpaka kwenye bati la sanduku. Kutoka kwenye bati ulipita katika waya wa maiki, ukafika kwenye mkono wa mama. Fundi akatuuliza, "Waya wa ardhi uko wapi?" Tukatazamana. Hakuna aliyejibu.

Somo hili tunaliandika kwa sababu ya siku ile.

WAYA TATU NA KAZI ZAKE

Umeme wa nyumbani hapa Tanzania una nguvu ya volti 230. Plagi ya miguu mitatu hupokea waya tatu.

Waya wa kwanza ni wa moto. Huu huleta umeme. Rangi yake ni kahawia. Katika nyumba za zamani ni nyekundu.

Waya wa pili ni wa kurudisha. Mafundi huuita nyutro. Rangi yake ni buluu. Katika nyumba za zamani ni nyeusi.

Waya wa tatu ni waya wa ardhi. Mafundi huuita ethi. Rangi yake ni kijani na njano. Zamani ulikuwa kijani tu. Waya huu huungwa kwenye mguu mrefu wa plagi, ule wa juu. Kule mwisho umefungwa kwenye fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini.

Siku zote waya wa ardhi hauna kazi inayoonekana. Ni kama mlinzi wa usiku. Wezi wasipokuja, mtu anaweza kusema, "Mlinzi huyu tunamlipa bure." Lakini umeme ukivuja na kugusa sanduku la chuma, waya wa ardhi huupa njia rahisi ya kwenda ardhini. Hapo fyuzi hukatika, au swichi ya usalama hujizima. Waya huo usipokuwepo, umeme hukaa kwenye chuma ukimngoja mtu. Mtu akigusa, mtu huyo ndiye anakuwa waya wa ardhi.

MVUMO UNATOKA WAPI?

Umeme wa nyumbani hauendi upande mmoja tu kama maji ya mto. Huenda na kurudi, huenda na kurudi, mara 50 kila sekunde. Ukiingia mahali pa sauti, sikio husikia mngurumo mzito. Huo ndio mvumo. Huingia kwa njia nne hasa.

Njia ya kwanza: kapasita ndogo. Transfoma hupunguza nguvu ya umeme. Dayodi nne huugeuza ili uende upande mmoja. Lakini bado unakuja kwa mawimbi, mara 100 kila sekunde. Kapasita kubwa huusawazisha. Kapasita ni kama bwawa la kuhifadhi maji. Maji yakiingia kwa vipindi, bwawa hutoa maji kwa utaratibu. Bwawa likiwa dogo, hukauka kati ya kipindi na kipindi. Kapasita ikiwa ndogo, kikuza sauti huvuma.

Njia ya pili: waya usiovaa koti. Waya wa sauti inayoingia hubeba umeme mdogo sana. Ukipita karibu na transfoma au waya wa volti 230, hudaka mvumo. Ndiyo maana tunatumia waya wenye koti la nyuzi za shaba. Koti huzuia mvumo kama koti linavyozuia baridi ya mlimani.

Njia ya tatu: kuchangia waya wa chini ndani ya sanduku.

Njia ya nne: duara la waya wa ardhi kati ya vyombo viwili.

Hizi mbili za mwisho ndizo zinazowashinda watu wengi. Tuzieleze polepole.

SOMO LA MFEREJI

Watu wa Meru na Arusha tunajua mifereji. Maji hutoka juu mlimani, hushuka mashambani kwa zamu, na wazee wa mfereji husimamia.

Sasa fikiri. Mfereji ni mmoja. Juu yuko mwenye shamba kubwa la migomba. Chini yuko mama mwenye bustani ndogo ya mchicha. Mama ameweka kijiti majini apime kina cha maji yake. Kila mara mwenye migomba anapofungua na kufunga, maji kwenye kijiti cha mama hupanda na kushuka. Je, mama anapima maji yake? La. Anapima vurugu za jirani.

Ndani ya kikuza sauti kuna jambo kama hilo. Kila umeme unaokwenda kazini lazima urudi. Umeme wa spika ni mwingi, kama maji ya migomba. Umeme wa sauti inayoingia ni kidogo, kama maji ya mchicha. Ukiwarudisha wote kwa waya mmoja mwembamba, mwenye migomba atamsumbua mwenye mchicha.

Tufanye hesabu. Waya mwembamba wa shaba, urefu wa sentimita kumi na tano hivi, una ukinzani wa omu 0.01. Umeme wa ampea 1 ukipita humo, huacha volti 0.01. Utasema ni kidogo. Lakini chombo chetu hukuza mara 100. Sasa zidisha: 0.01 mara 100 ni volti 1. Volti nzima ya mvumo kwenye spika! Hata aliyekaa nje ya darasa atasikia.

Dawa yake ni nini? Kila mmoja apewe mfereji wake mpaka kwenye bwawa. Yaani kila waya wa kurudisha uende peke yake mpaka mahali pamoja. Mahali hapo sisi tunapaita kituo. Waya hutoka kituoni kila mmoja upande wake, kama njia zinazokutana sokoni Tengeru siku ya gulio. Wote wanakutana sokoni, lakini hakuna anayepita katika uwanja wa mwenzake.

VIFAA

Katika miaka ya 1970 redio ziliunganishwa papa hapa mjini Arusha, katika kiwanda cha Philips. Kwa hiyo kazi hii si ngeni kwetu. Vifaa vya leo ni vidogo na ni rahisi kuliko vya wakati ule. Nunueni hivi:

1. Aisi moja iitwayo TDA2003. Ni kipande cheusi chenye miguu mitano na mgongo wa bati. Kilitengenezwa kwa ajili ya redio za magari. Hutumia volti 8 hadi 18.
2. Kibao kilichokwisha tobolewa kwa ajili ya aisi hiyo, pamoja na mchoro wake na vipande vidogo vinavyotajwa katika mchoro.
3. Bati nene la aluminiamu la kupoozea, ukubwa wa kiganja.
4. Kapasita ya mikrofaradi 4,700, volti 25.
5. Dayodi nne za ampea 3.
6. Transfoma ya volti 9, ampea 2. Msichukue ya volti 12. Ikishapita kwenye dayodi na kapasita, inaweza kufika volti 18 kama umeme wa kijijini umepanda. Aisi itaungua.
7. Kitasa cha sauti, yaani volyumu, cha omu 10,000.
8. Spika ya omu 4, wati 10.
9. Waya wenye koti, mita moja.
10. Sanduku la bati, swichi, fyuzi, na plagi ya miguu mitatu.
11. Pasi ya kulehemu na risasi yake.

Kama kijiji hakina umeme, achaneni na transfoma na dayodi. Betri ya gari ya volti 12 inatosha. Sola ikiwepo itaijaza mchana. Lakini wekeni fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri. Betri ya gari haina volti nyingi, lakini waya zake zikigusana huwaka moto.

Chombo hiki kitatoa kama wati 3 au 4. Zinatosha darasa au kikao. Hazitoshi uwanja wa mpira.

KUTENGENEZA HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Jifunzeni miguu ya aisi. Mguu wa 1 hupokea sauti. Mguu wa 2 hutawala ukuzaji. Mguu wa 3 ni wa chini, yaani wa kurudisha. Mguu wa 4 hutoa sauti kwenda kwenye spika. Mguu wa 5 hupokea umeme.

Hatua ya 2. Lehemuni vipande kwenye kibao kwa kufuata mchoro. Anzeni na vile vifupi. Kapasita ndefu zina upande wa kujumlisha na upande wa kutoa. Ukigeuza, zinapasuka. Mmoja alehemu na mwingine asome mchoro kwa sauti. Hapo ndipo kusoma kunapotufaa.

Hatua ya 3. Fungeni aisi kwenye bati la kupoozea kwa skrubu. Mgongo wa TDA2003 umeunganika na mguu wa 3. Kwa hiyo bati la kupoozea lisiguse sanduku. Likigusa, mtakuwa mmechimba mfereji wa pili bila kujua.

Hatua ya 4. Wekeni transfoma pembe moja ya sanduku. Wekeni tundu la kuingizia sauti pembe ya mbali. Transfoma hutupa mvumo hewani, kwa hiyo isikae jirani na sauti ndogo.

Hatua ya 5. Tengenezeni kituo. Dayodi zilete umeme kwenye kapasita kubwa kwanza. Kisha kituo kianzie kwenye mguu wa kutoa wa kapasita hiyo. Angalieni sana hapa. Kituo kisiwe kwenye waya ulio kati ya dayodi na kapasita. Pale umeme hupita kwa kishindo mara 100 kila sekunde. Kituo kikiwa pale, kitavuma hata mkifanya mengine yote vizuri.

Hatua ya 6. Sasa toeni waya nne kutoka kituoni:
(a) waya wa kwanza uende mguu wa 3 wa kibao;
(b) waya wa pili uende kwenye spika;
(c) waya wa tatu uende kwenye volyumu, pale koti la waya wa sauti linapofungwa;
(d) waya wa nne uende kwenye sanduku la bati.

Waya za (a) na (b) ziwe nene na fupi. Kama kibao chenu tayari kina njia yake ya chini kwa ajili ya sauti inayoingia, tumieni hiyo, na waya wa (c) msiuweke. Mfereji mmoja kwa mtu mmoja.

Hatua ya 7. Tundu la kuingizia sauti lisiguse bati la sanduku. Kateni plastiki ya kopo, tengenezeni vikombe vidogo vya kulitenga. Sanduku liguse kituo kwa waya wa (d) tu, si mahali pengine.

Hatua ya 8. Waya wa ardhi kutoka kwenye plagi ufungwe kwenye sanduku la bati lenyewe. Kwangueni rangi mpaka bati ling'ae. Tumieni skrubu, washa na nati. Skrubu hiyo isifanye kazi nyingine. Msitegemee risasi peke yake, maana risasi ikipata moto huyeyuka.

Tunawaomba jambo moja. Sehemu yote ya volti 230, yaani plagi, swichi, fyuzi na upande wa kwanza wa transfoma, ifungwe au ikaguliwe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EWURA. Vijana waliosoma VETA au Chuo cha Ufundi Arusha wapo vijijini. Waiteni. Kuuliza si ujinga.

KUJARIBU MARA YA KWANZA

Msiwashe kwa umeme wa ukutani siku ya kwanza. Chukueni betri ya volti 12 na balbu ya pikipiki ya volti 12. Umeme wa betri upite kwanza kwenye balbu, kisha uingie kwenye kibao. Balbu ikimetameta mara moja na kuzimika, ni vizuri. Ikiwaka na kubaki inawaka, kuna kosa. Zimeni, tafuteni. Balbu imeokoa aisi yenu.

Pili, pimeni waya wa ardhi. Plagi iwe imetolewa ukutani. Chukueni mita, iwekeni upande wa omu. Gusisheni ncha moja kwenye mguu mrefu wa plagi na nyingine kwenye bati la sanduku. Mita ionyeshe chini ya omu 1. Kisha pimeni kati ya mguu wa waya wa moto na sanduku. Hapo mita isionyeshe njia kabisa. Kipimo hiki kifanyeni kila mwanzo wa masika pia. Tungalifanya hivyo sisi, mama yule asingeumia.

KUTAFUTA MVUMO

Kama bado kinavuma, msikate kitu. Ulizeni maswali kama daktari.

Swali la 1. Punguzeni volyumu mpaka mwisho. Je, mvumo umebaki? Kama umebaki, ugonjwa uko ndani: kapasita ndogo, au kituo kibaya. Kama umekwisha, ugonjwa unatoka nje, kwenye waya wa sauti au chombo cha mbele.

Swali la 2. Tumieni betri badala ya transfoma. Je, mvumo umekwisha? Basi tazameni transfoma, dayodi na kapasita.

Swali la 3. Zimeni, legezeni transfoma, igeuzeni kidogo, funikeni, washeni tena. Je, mvumo umebadilika? Basi transfoma iko karibu mno na sauti. Isogezeni. Msiiguse wakati umeme unawaka.

Swali la 4. Chomoeni waya wa sauti. Je, kimya? Basi koti la waya limekatika, au kuna duara la waya wa ardhi.

Swali la 5. Je, simu inacheza huku inachajiwa? Chomoeni chaja. Mara nyingi kelele huisha hapo hapo. Chajini simu kwanza, chezeni baadaye.

DUARA LA WAYA WA ARDHI

Sasa turudi kwenye mikisa ya kwaya. Kwa nini kikuza sauti chetu kilivuma kilipokutana nayo?

Mikisa ilikuwa na waya wa ardhi. Kikuza sauti kilikuwa na waya wa ardhi. Kimoja kilichomekwa ukuta huu, kingine ukuta ule. Halafu tukaviunganisha kwa waya wa sauti wenye koti. Hapo tukapata duara: kutoka mikisa kwenda kikuza sauti kwa koti, na kurudi kwa waya za ardhi za ukutani. Umeme mdogo wa mvumo ukawa unazunguka duara hilo kama ng'ombe anayezunguka mti aliofungiwa. Ukipita kwenye koti la waya wa sauti, unasikika.

Kijana yule alipokata waya wa ardhi, alilikata duara. Ndiyo maana mvumo uliisha. Hakusema uongo kuhusu mvumo. Alikosea kuhusu maisha ya watu. Ni kama mtu anayeondoa mlango wa nyumba kwa sababu unalia. Kelele zimekwisha, lakini fisi ataingia.

Duara linaondolewa hivi:

Kwanza, chomekeni vyombo vyote kwenye soketi moja ya ukutani, kwa waya mmoja wa nyongeza wenye ethi. Duara linakuwa dogo, na mvumo unapungua sana. Sisi tulifanya hivyo, tukatenga pia tundu la sauti na bati la sanduku. Mvumo ukawa hausikiki tena.

Pili, lazeni waya wa sauti mbali na waya za umeme. Zikibidi kukutana, zipitane kama msalaba, zisiende sambamba.

Tatu, kama mvumo bado upo, nunueni transfoma ndogo ya sauti na kuiweka kati ya mikisa na kikuza sauti. Sauti hupita kwa sumaku, lakini waya za shaba hazigusani. Duara limekatwa mahali pa salama, na waya za ardhi zote zimebaki.

Nne, chombo kidogo kinaweza kutumia betri. Chombo cha betri hakina waya wa ukutani, kwa hiyo hakina duara.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Waya wa kijani na njano haukatwi.
2. Plagi ya miguu mitatu haichomekwi kwenye soketi ya matundu mawili kwa kulazimisha kijiti.
3. Fyuzi haibadilishwi kwa waya wala karatasi ya sigara. Plagi yenye fyuzi ndani iwekewe ya ampea 3, siyo 13.
4. Fimbo ya ardhi ipigwe mahali penye unyevu. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fundi aipime.
5. Anayeshika maiki avae viatu, asisimame kwenye maji.
6. Mtu akinaswa na umeme, msimshike. Zimeni swichi kwanza. Kama swichi iko mbali, msukumeni kwa mti mkavu, kisha mpelekeni kwenye zahanati hata kama anasema hajambo.
7. Radi ikianza kunguruma mlimani, chomoeni plagi na waya zote.
8. Mkimaliza kulehemu nawani mikono kwa sabuni kabla ya kula. Risasi ni sumu.

MANENO MAPYA

Kikuza sauti: chombo kinachofanya sauti ndogo iwe kubwa.
Kapasita: kipande kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi.
Dayodi: kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu.
Ukinzani: ugumu wa waya kupitisha umeme. Hupimwa kwa omu.
Ethi: waya wa ardhi.
Kituo: mahali pamoja ambapo waya zote za kurudisha hukutana.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini waya wa spika na waya wa sauti inayoingia zisirudi kwa njia moja?
2. Waya una ukinzani wa omu 0.02. Umeme wa ampea 1 unapita. Chombo kinakuza mara 100. Mvumo kwenye spika utakuwa volti ngapi?
3. Kijana alikata waya wa ardhi na mvumo ukaisha. Je, alitatua tatizo? Elezeni.
4. Katika kijiji chenu, ni nyumba ngapi, vilabu vingapi na nyumba za ibada ngapi zina vyombo vya sauti? Nani amewahi kutazama ndani ya plagi zake?

Swali la mwisho msilijibu kwa mdomo tu. Nendeni mkatazame, lakini kwanza chomoeni plagi kutoka ukutani. Mkikuta waya wa kijani na njano umekatwa au umekunjwa nyuma, mwambieni mwenye chombo kwa upole asikitumie mpaka fundi aurudishe.

Mama yule bado ni mwenzetu darasani. Kikuza sauti kilipotengenezwa upya, tulidhani hatakigusa tena. Yeye alisema, "Nionyesheni kwanza ule waya." Tukafungua plagi ikiwa mezani, akauona. Tukapima kwa mita mbele yake, akasoma tarakimu mwenyewe. Kisha akavaa viatu vyake, akaishika maiki, akasoma taarifa yote tangu mwanzo hadi mwisho. Hakukuwa na mvumo. Hata waliokaa nyuma walisikia kila neno.